Soya, Magugu na Dawa: Mbegu Isiyopatana na Dawa Yake

Leo tuliweke jembe chini kidogo tuzungumze historia. Pengine utauliza, "Historia itanisaidia nini mimi mwenye ekari mbili za soya?" Subiri kidogo, utaona.

Soya asili yake ni China. Hapa kwetu ilifika zamani. Wajerumani waliijaribu kule Amani, Usambara, mwaka 1907. Lakini leo twende Marekani, jimbo la Mississippi, kwani huko wakulima walijifunza kwa hasara kwamba mbegu na dawa ya magugu sharti zipatane.

Soya ikiwa changa ni mpole. Katika wiki 4 hadi 6 za kwanza haina nguvu ya kugombana na gugu. Kule Mississippi pamba ilipandwa kwa mistari ya mita moja hivi, ili nyumbu apite. Soya nayo ikapandwa vivyo hivyo. Basi jua likapenya katikati ya mistari, na magugu yakafurahi. Mwaka 1972 wataalamu McWhorter na Hartwig walitoa matokeo ya kupambanisha aina 6 za soya na magugu. Gugu moja lenye matunda ya miiba, yale yanayonata kwenye nguo, lilikula zaidi ya nusu ya mavuno. Aina za soya zilitofautiana, lakini hakuna iliyojipalilia yenyewe!

Hartwig huyo alikuwa mzalishaji mbegu hodari. Mwaka 1954 ilitolewa mbegu yake iitwayo Lee, ambayo maganda yake hayakupasuka ovyo kabla ya kuvunwa. Wakulima wakaipenda. Baadaye ikaja Tracy, mbegu mpya iliyostahimili ugonjwa wa kuoza mizizi. Wakati huo huo, miaka ya 1970, ikaingia dawa mpya ya magugu, metribuzini. Dawa nzuri, mbegu nzuri. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba hazikupatana. Metribuzini huuzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Aina nyingi za soya huivunjavunja dawa hiyo mwilini kabla haijadhuru. Tracy haikuweza. Mkulima alinunua mbegu bora, akanunua na dawa bora, kisha akaona soya yake inanyauka pamoja na magugu. Hapo wataalamu wakaanza kupima mbegu moja moja dhidi ya dawa. Wakachagua ndani ya Tracy yenyewe mimea iliyostahimili, na mwaka 1980 mbegu ya Tracy-M ikaandikishwa.

Mwaka 1996 mambo yaligeuka. Ikauzwa soya iliyotiwa chembe ya urithi kutoka kwa bakteria wa udongoni, ili isife kwa dawa ya glaifoseti. Sasa mkulima alinyunyizia shamba zima, gugu likafa, soya ikabaki. Kazi ikawa rahisi mno, na wengi wakategemea dawa hiyo moja kila msimu. Gugu nalo si mjinga, ndugu yangu. Mwaka 2005 huko Georgia ilithibitishwa kwamba jamii moja ya mchicha pori haifi tena kwa glaifoseti. Gugu likawa sugu. Tena mbegu hiyo haikuruhusiwa kuwekwa akiba na kupandwa upya. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kufanya hivyo ni kuvunja haki za mwenye mbegu.

Basi, ndugu mkulima, tujifunze nini? Kwanza, kabla ya kunyunyizia, soma kibandiko cha dawa na umwulize bwana shamba kama aina yako ya soya inaistahimili. Ukiwa na shaka, jaribu mistari michache kwanza. Pili, usitumie dawa ile ile mwaka hadi mwaka. Tatu, panda kwa mistari iliyokaribiana kadiri mbegu yako inavyoruhusu, ili majani yafunike ardhi mapema. Na nne, zile wiki za mwanzo palilia, wala usingoje.

Dawa ni msaidizi tu. Mwenye shamba ni wewe. Kwa leo tukomee hapa. Kwaheri, na kazi njema.