Nani anamlinda mpangaji wa Tassia?

Mfanyakazi wa mshahara anayeishi Tassia, mtaa wa Embakasi ulio karibu na Barabara ya Outer Ring jijini Nairobi, hukatwa pesa mara tatu kabla ya mshahara kumfikia mkononi, na hapo ushuru wa mapato hatujautaja. Asilimia 6, hadi kiwango kilichowekwa, huenda kwa Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Asilimia 2.75 huenda kwa bima ya afya ya jamii, SHIF, na asilimia 1.5 kwa mpango wa nyumba za bei nafuu. Pesa hizi zote hukatwa kwa jina la kumlinda: dhidi ya uzee, dhidi ya maradhi na dhidi ya makao duni. Kisha jioni inapoingia, mtu huyo huyo hupanda ngazi na kulala katika jengo ambalo hajui liliidhinishwa na nani, wala nguzo zake zina chuma kiasi gani.

Kinaya ni kwamba Tassia yenyewe ni zao la mojawapo ya makato hayo. NSSF iliundwa mwaka wa 1965 ili kuweka akiba ya wafanyakazi, na kwa miaka mingi viongozi wake walipenda kuiwekeza akiba hiyo katika ardhi na majengo ya Nairobi. Ardhi ya Tassia ilikuwa ya hazina hiyo. Walakini kabla ya kupangwa ilivamiwa, watu wakagawana ploti na kuanza kujenga. Badala ya kuwafurusha, hazina iliamua kuwauzia waliokuwamo. Si uamuzi wa kulaumiwa moja kwa moja, kwani kuvunja makao ya maelfu ya watu hakujawahi kumwongezea mstaafu senti moja. Ila ulimaanisha kwamba Tassia ilizaliwa ikitanguliza miguu: nyumba kwanza, barabara, mitaro na mabomba ya maji taka baadaye.

Hiyo baadaye ilikaribia kufika mwaka wa 2013. NSSF ilitoa kandarasi ya takriban Sh5 bilioni kwa kampuni ya China Jiangxi ili kuweka barabara, mitaro na taa katika awamu iliyoitwa Tassia II. Mapema mwaka wa 2014 Katibu Mkuu wa Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi (COTU), Bw Francis Atwoli, ambaye alikuwa mmoja wa wadhamini wa hazina hiyo, alijitokeza hadharani akidai kuwa bodi haikuwa imeuidhinisha mradi huo. Wasimamizi wa hazina waliutetea, wakisema gharama ingerudishwa na wenye ploti. Wabunge wakaanza kuchunguza, nayo Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ikaingia.

Katika zogo hilo lote swali lilikuwa moja: je, pesa za wafanyakazi zinaporwa? Lilikuwa swali la haki na lilistahili kuulizwa kwa sauti. Lakini hakuna aliyeketi na kuuliza swali la pili. Iwapo mradi ungesitishwa, nani angemwekea mpangaji wa Tassia mtaro wa maji taka? Mpangaji, ambaye aghalabu ni mchangiaji wa hazina hiyo, alikuwa na masilahi pande zote mbili za ugomvi na hakuwa na kiti upande wowote. Huu ndio ugonjwa wa siasa zetu za ufisadi. Tunajua kusimamisha mradi, ila hatujui kuuanzisha upya ukiwa safi.

Wakati wakubwa wakibishana, majengo yaliendelea kupanda. Ploti iliyokusudiwa familia moja ikabeba orofa sita, saba, hata zaidi, kila orofa ikiwa na vyumba pande zote mbili za ujia wenye giza. Mtaalamu wa mipango miji, Marie Huchzermeyer, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 2011, aliyalinganisha majengo ya aina hii ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19. Inafaa kukumbuka kwamba hata Berlin ile iliyosifika kwa msongamano ilikuwa na kanuni ya mwaka wa 1853 iliyotaka kila ua uwe na mita 5.34 kila upande ili gari la zimamoto lipate kugeuka. Kuna vichochoro vya Eastlands ambamo hata mkokoteni wa maji hugeuka kwa taabu.

Maafa hayakuchelewa kubisha hodi. Aprili 29, 2016, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma na kuwaua takriban watu 50, ilhali maafisa walikuwa wamekwisha kusema halifai kukaliwa. Juni 2017 jengo jingine lilianguka Kware, Pipeline, ambao ni mtaa jirani wa Tassia. Huko wengi walinusurika kwa kuwa nyufa zilionekana mapema na watu wakaondolewa. Asubuhi ya Desemba 6, 2019, ikawa zamu ya Tassia. Jengo la orofa sita liliwafunika wapangaji waliokuwa wakijiandaa kwa siku yao, na watu wasiopungua 10 wakafa.

Miezi minne tu kabla ya mkasa huo, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ilikuwa imeanza kutumika. Sheria hiyo inasema anayeanza ujenzi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Hebu tupige hesabu. Tuchukulie jengo lina vyumba 48 na kila chumba kinalipiwa Sh8,000 kwa mwezi. Hizo ni Sh384,000. Faini kubwa kabisa ya sheria hiyo ni kodi isiyofika wiki sita. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili ataihesabu pamoja na saruji na kokoto, aendelee na kazi.

Serikali imezoea kutujibu kwa kutuonyesha kompyuta. Mwaka wa 2011 lililokuwa Baraza la Jiji la Nairobi lilizindua mfumo wa kielektroniki wa kuidhinisha ramani za ujenzi. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazindua Ardhisasa, mfumo wa rekodi za ardhi kupitia mtandao. Yote ni mema, na anayekumbuka jinsi faili zilivyokuwa zikipotea Ardhi House hatatamani zile rafu za vumbi. Hata hivyo, mfumo wa kupokea maombi humwona yule tu anayeomba. Anayejenga usiku na kuongeza orofa ya saba juu ya msingi wa orofa nne hana nenosiri la mfumo wowote, wala halihitaji. Alama nyekundu ya X inayopakwa ukutani na wakaguzi nayo imekuwa kama pambo. Mpangaji huiona, mwenye nyumba huipaka rangi, na maisha huendelea.

Wapo watakaosema kwamba tukikaza sheria, kodi itapanda na maskini watakosa pa kulala. Hoja hiyo ina uzito. Tassia, Pipeline na Kware zinawapa makao watu wengi ambao serikali haijawahi kuwajengea chochote, na anayetaka kubomoa mtaa mzima kwa tingatinga hana jibu la wao kwenda wapi. Lakini kati ya kubomoa na kufumba macho pana nafasi kubwa. Kupima saruji ya nguzo na kukagua msingi hakumhamishi mtu. Jengo linalohitaji kupunguzwa orofa mbili lipunguzwe orofa mbili, kwa gharama ya aliyeziongeza.

Mkasa wa Kware ulionyesha kuwa mpangaji, anayeishi na nyufa mchana na usiku, huziona mapema kuliko mkaguzi. Apewe basi habari zilizomo ofisini. Wakenya wamekuwa wakitumiana pesa kwa simu tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007. Haiwezekani kwamba nchi hiyo ishindwe kumwezesha mtu kutuma nambari ya ploti kwa ujumbe mfupi na kujibiwa mambo matatu: iliidhinishwa kwa orofa ngapi, mhandisi wake ni nani, ilikaguliwa mara ya mwisho lini. Rekodi za idhini ziko kwa kaunti, za wanakandarasi ziko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na za ukaguzi ziko kwa wakaguzi wa serikali kuu. Kilichobaki ni kuziweka mahali pamoja na kuzifungua, na kazi hiyo inaweza kugharimiwa na sehemu ndogo ya ile asilimia 1.5 ya nyumba, ambayo mkazi wa Tassia amekuwa akiilipa ilhali nyumba anayolala leo haimo katika mpango wowote wa serikali.