Bega lililoganda: kuvuta kwa nguvu au kwenda taratibu?

Mfikirie mama wa Kibosho au Marangu ambaye mkono wake haupandi tena. Hawezi kujitwika majani ya ng'ombe wala kufunga kilemba, na usiku akilalia upande ule hapati usingizi. Hajaanguka, hajavunjika. Mfuko laini unaozunguka kiungo cha bega umevimba, ukawa mnene na kukaza. Hilo ndilo bega lililoganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye kisukari.

Sasa litibiwe vipi bila kisu? Mwaka 1872 daktari Mfaransa, Simon Duplay, alishauri mgonjwa alazwe kwa dawa ya usingizi, kisha mkono uvutwe kwa nguvu mpaka ulegee. Mwaka 1934 Ernest Codman wa Boston alitoa kitabu kilicholipa tatizo hili jina lake la "kuganda". Ndiye pia anayekumbukwa kwa zoezi la pendulamu: unainama, mkono unaning'inia, unaubembeza taratibu. Mwaka 1951 Mmarekani Joseph Hollander akaeleza jinsi ya kudunga haidrokotizoni ndani ya kiungo chenyewe.

Basi kipi kimeshinda? Sindano hupunguza maumivu haraka, hasa ikiwahi miezi ya mwanzo, ila nguvu yake hufifia, na kwa mwenye kisukari sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Kuhusu kuvuta, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004 ulikuwa na wagonjwa 77 tu, lakini unafikirisha. Baada ya miaka miwili, asilimia 89 ya waliofanya mazoezi bila kuvuka maumivu walikuwa karibu wamepona. Kwa walionyooshwa kupita maumivu ni asilimia 63. Mwaka 2020 Waingereza wakapima watu 503: sindano pamoja na mazoezi, kuvutwa chini ya usingizi, na upasuaji wa tundu dogo. Baada ya mwaka mmoja, hakuna iliyoziacha nyingine kwa mbali.

Kwetu hili si jambo dogo. Kushuka kila wiki kutoka mlimani hadi KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 na inayosomesha wataalamu wa fiziotherapia, ni nauli na siku ya shamba. Pendulamu inafanyika jikoni, bure.

Kwa hiyo bega likianza kukaza, wahi ukapimwe, na sukari ipimwe pia. Fundishwa mazoezi vizuri, uendelee nayo nyumbani. Na yeyote anayetaka kulivuta kwa nguvu eti "litafunguka", mkatalie kwa heshima.