ARDHI YA WAZI MJINI NI SUALA LA KITABAKA

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuizungumzia ardhi kama jambo la shamba na kijiji. Tukifika mjini tunajadili nyumba, maji na barabara, na miti tunawaachia watunza bustani. Mtazamo huu una upungufu. Historia inatufundisha kwamba viwanja vya wazi, mabonde na bustani vimegawanywa siku zote kwa kufuata nguvu za matabaka. Anayeutawala mji ndiye anayeamua nani apate kivuli na nani apate vumbi. Tutalithibitisha hilo kwa mfano wa Dar es Salaam, lakini kwanza tuangalie chimbuko la wazo lenyewe.

Mji wa Bustani

Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alichapisha kitabu chake kuhusu mji wa bustani. Wakati huo miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi, na wafanyakazi walisongamana vyumbani. Howard alipendekeza mji wa watu 32,000 katika ekari 6,000. Ekari 1,000 tu zingejengwa. Nyingine zingebaki mashamba, malisho na misitu. Msingi wa pendekezo hilo ulikuwa umilikaji: ardhi yote ishikwe kwa niaba ya wakazi, na kodi yake irudi kuwahudumia wao. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianzishwa mwaka 1903. Howard hakuwa mwanamapinduzi, kwani alitegemea wenye mitaji waukopeshe mji wake kwa faida ndogo. Hata hivyo alitambua kwamba bustani bila umilikaji wa pamoja huishia kuwa bustani ya wachache.

Mkoloni Achukua Miti, Aacha Umilikaji

Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka huohuo wakaweka kanuni za kutenganisha aina za majengo. Mwaka 1893 walianzisha bustani ya mimea karibu na makazi yao. Waingereza waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1924 waliugawa mji katika maeneo matatu: la nyumba za namna ya Kizungu, la biashara, yaani Uhindini, na la Waafrika, Kariakoo na Ilala. Kanuni zilitaja aina ya jengo badala ya rangi ya mtu. Mshahara na ubaguzi vilimaliza kazi iliyobaki.

Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha ukanda usiojengwa, Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Kwa hakika ulikuwa ukuta usio na matofali. Kwa hiyo, mjini humohumo, ardhi ya wazi ilikuwa na maana mbili: Uzunguni ilikuwa starehe, bustani na upepo wa bahari, Kariakoo ilikuwa mpaka.

Mpango wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ulitenga mianya ya kupitisha upepo kati ya vitongoji, na viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Lugha ya rangi ikawa lugha ya ujazo. Walioishi penye nafasi wakabaki walewale.

Umma Waugeuza Ukuta

Lakini historia haiendi kwa amri ya mchora ramani. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, umma ulihitaji mahali pa kukutania. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, aliwahutubia maelfu ya wananchi palepale Mnazi Mmoja. Ardhi iliyotengwa ili watu wasikutane ikawakutanisha. Hili ni fundisho kubwa: ardhi ya wazi ikishikwa na umma hubadilika tabia.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu ulifutwa, na hati hizo zikageuzwa kuwa za kupangishwa na Serikali. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mpango wa mwaka 1976 uliojengwa juu ya uamuzi huo ulitaka vitongoji vifuate umbo la nchi, vilima visijengwe, na mwenye miguu na abiria wa basi watangulie mwenye gari. Fedha zilikuwa chache, na utekelezaji ukachelewa miaka mingi.

Dar es Salaam nayo ilikua haraka. Mwaka 1967 ilikuwa na watu 272,821. Mwaka 2022 walizidi milioni 5. Mpango wa mwaka 1979 uliyataja mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, na maskini wakajenga mabondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao.

Kazi ya Kada

Hapa ndipo kada anapopimwa. Kuna anayevamia kiwanja cha wazi kwa sababu hana pa kulala, na kuna anayekizungushia ukuta ili akiuze. Kuwaita wote wavamizi na kuwatendea sawasawa ni kumtumikia wa pili. Wa kwanza anadai kiwanja kilichopimwa, mahali salama, karibu na kazi yake. Wa pili anadai sheria itekelezwe.

Aidha, mti uliopandwa kwa ajili ya sherehe hufa kiangazi. Mti wenye mwenyewe humwagiliwa. Kwa hiyo kila mtaa uijue ramani yake, uhesabu viwanja vyake vya wazi na kuvijadili katika mkutano mkuu wa mtaa, ili kisigeuzwe matumizi kimoja bila wakazi kujua. Mji wa kijani utakaojengwa juu ya ardhi ya wachache utakuwa Uzunguni mpya. Ukijengwa juu ya ardhi inayolindwa na wananchi wenyewe, kivuli chake kitamfikia hata mchukuzi wa Kariakoo.