Mchikichi, Ndagala na Jembe: Pwani ya Rumonge Ilivyojilisha



Katika toleo hili la ukumbusho tumeona tuandike habari za chakula. Watoto waliozaliwa kambini hudhani chakula hutoka kwenye foleni ya mgao, kumbe wazee wao walitoka pwani iliyojilisha yenyewe na ikauzia milimani.

Sisi wa Rumonge na Nyanza-Lac tulitoka Imbo, ukanda mwembamba wa joto kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mchikichi hupenda joto hilo. Huko juu Bururi kuna baridi, ndiyo maana mawese yalipanda mlima na maharage yakateremka. Ndagala, ambao wenyeji wa Kigoma huwaita dagaa, walivuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa asubuhi. Mawese nayo ni kazi ya nyumba nzima: mmoja hupanda kukata mkungu, wengine huchambua chikichi, huchemsha, hutwanga na kukamua. Makapi huwashia moto, na mafuta mengine hupikiwa sabuni. Ugali wa muhogo, isombe yenye mawese na ndagala: hapo hapakuwa na kitu cha kutoka mbali ila chumvi, ambayo tangu zamani ilitoka Uvinza, huku huku Kigoma.

Pwani hiyo imehamwa zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, malale yaliwaondoa watu ufukweni. Miaka ya 1950 Wabelgiji waliwapimia wakulima mashamba huko Imbo. Kisha, tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulianzia kwetu, na ukandamizaji wa serikali uliofuata uliua watu wengi mno nchini kote. Walioweza walikimbilia Tanzania, wengi wao kwa mitumbwi.

Tunaomba watumishi wapasome hapa polepole. Wakimbizi wa 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walipewa ardhi ya msitu, mbegu na majembe. Ilipofika 1985 walikuwa wakijilisha, tena wakiuza mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Waliokimbia baada ya 1993, na tena 2015, walikuta utaratibu mwingine: kambi badala ya makazi, mgao badala ya shamba. Hawakuwa wavivu kuliko baba zao. Mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, waliokuwa na tuta la lengalenga nyuma ya nyumba walijua thamani yake.

Nyumbani nako jembe halikungoja. Mashamba yaliyoachwa 1972 yalipewa watu wengine, na mengine yaliingizwa katika mradi wa serikali wa michikichi. Wazee waliporejea, hasa kuanzia 2008, walikuta wenzao wakivuna. Hao nao walikuwa na karatasi za serikali na watoto waliozaliwa hapo hapo. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006 na ikamaliza muda wake 2022. Kwa maoni yetu haikuwa na kazi ngumu kuliko ile ya Rumonge, kwani mchikichi hudai miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, kisha hulisha nyumba kwa miaka mingi. Nani atakubali kuanza upya na mche? Familia nyingine ziligawana nusu kwa nusu, zikaweka mpaka katikati ya michikichi.