Maiyoro hakuwa nguvu tupu

Wasee, kuna boi wangu hapa Daraja Mbili anabeba gunia la mahindi kama mkoba. Sasa mpe fimbo ya pool. Mpira mweusi uko mdomoni mwa shimo, kazi ni kuugusa tu, lakini yeye anaugonga mpaka unaruka nje ya meza. Tunacheka, halafu lazima mtu aseme, "Mkisii huyo, nguvu nyingi, akili kidogo."

Hiyo sentensi huniuma, na si kwa sababu ya pool. Rudi 1954.

Julai mwaka huo Nyantika Maiyoro, mtu wetu wa Kisii, alisimama kwenye uwanja wa White City, London, kukimbia maili 3. Miguu mitupu. Bunduki ikalia, akatoka kama anakimbizwa na nyuki, akaacha pengo kubwa. Baadaye Waingereza wawili, Fred Green na Chris Chataway, wakamfikia na kumpita, wote kwa dakika 13:32.2, rekodi ya dunia. Maiyoro akawa wa tatu, 13:54.8.

Wanaopenda hadithi ya nguvu bila akili huishia hapo. Mimi naomba usiishie hapo.

Wiki chache tu baadaye, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Vancouver. Umbali uleule, Green na Chataway walewale. Maiyoro wa nne, 13:43.8. Amepunguza sekunde 11! Buda, hakuna misuli inayoota kwa wiki chache. Mimi nasema alichobadilisha ni kipimo: nguvu ilikuwepo, akajua aitoe wapi na kiasi gani. Roma 1960 akamaliza wa sita kwenye mita 5,000.

Halafu kuna Naftali Temu wa Nyamira. Mexico City, Oktoba 13, 1968, mita 10,000. Ron Clarke wa Australia ndiye alikuwa na rekodi ya dunia, 27:39.4. Siku hiyo alimaliza wa sita, akaanguka, akawekewa oksijeni. Temu alishinda kwa 29:27.4, yaani karibu dakika 2 nje ya rekodi. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki.

Najua utaniambia ni milima, mji ule uko mita 2,240 juu ya bahari. Sawa, milima ilimmaliza Clarke. Lakini Mamo Wolde wa Ethiopia naye alitoka milimani. Mzunguko wa mwisho Wolde akachomoka, na Temu hakupapatika. Alimtafuta polepole, akampita karibu na utepe. Tofauti ilikuwa sekunde 0.6. Hiyo nayo utaiita hewa ya Nyamira?

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo hakuna profesa wa kunisaidia hapa. Lakini Jumamosi nilimwambia boi wangu agonge nusu ya nguvu yake. Alikosa shimo, kweli, ila mpira ulibaki mezani, na yule wa sentensi yake alinyamaza kidogo.