Hukumu ya mahakama ya kaunti kuhusu tozo ya maegesho

Hukumu ya mahakama ya kaunti ni uamuzi wa mahakama ya madai ya Uingereza na Welisi unaotamka kwamba mtu anadaiwa kiasi fulani cha fedha na kumwamuru akilipe. Makala hii inahusu hukumu inayotokana na tozo ya zamani ya kuegesha gari kwenye ardhi ya mtu binafsi, kama vile uwanja wa duka kubwa, hospitali au nyumba za kupanga. Mara nyingi hukumu hizo hutolewa bila mdaiwa kujitetea. Wengine hupata habari zake miaka kadhaa baadaye, wanaponyimwa mkopo wa nyumba.

Tozo na faini

Karatasi zinazobandikwa kwenye vioo vya magari hufanana, lakini kisheria ziko za aina mbili. Halmashauri za miji hutoza adhabu za barabarani kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa usafiri ya mwaka 2004. Adhabu hizo zina utaratibu wake wa rufaa na ukaziaji, na haziingii katika rejista ya hukumu inayoelezwa hapa chini.

Tozo ya kampuni binafsi si faini. Msingi wake ni mkataba: bango la uwanjani hutaja masharti, na dereva anayeegesha huhesabiwa kuwa ameyakubali. Katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, tarehe 4 Novemba 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba tozo ya pauni 85 kwa kupitisha saa 2 za bure katika uwanja wa maduka wa Chelmsford ilikuwa halali. Kabla ya hapo watu wengi walishauriana kuzipuuza barua za kampuni hizo.

Sheria ya kulinda uhuru ya mwaka 2012 ilipiga marufuku kufunga magurudumu ya magari kwenye ardhi binafsi. Wakati huohuo iliziruhusu kampuni kumdai mtu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari, ikiwa dereva hajulikani na masharti ya taarifa yametimizwa. Jina na anwani yake hutolewa na DVLA, wakala wa serikali anayetunza kumbukumbu za magari.

Jinsi hukumu inavyopatikana

Kampuni kwanza hutuma taarifa ya tozo, kisha makumbusho, kisha barua ya kusudio la kushtaki inayompa mdaiwa siku 30 za kujibu. Baada ya hapo hufungua madai mahakamani. Mdaiwa ana siku 14 tangu hati ya madai ihesabiwe kuwa imemfikia. Akithibitisha kuipokea ndani ya muda huo, hupata jumla ya siku 28 za kuleta utetezi. Asipojibu lolote, mdai huomba hukumu, na hutolewa bila ushahidi kusikilizwa.

Kwa kawaida hati hutumwa kwa posta. Kanuni zinaruhusu itumwe kwenye makazi ya mwisho ya mdaiwa yanayojulikana. Ndiyo maana aliyehama bila kubadilisha anwani katika kumbukumbu za gari anaweza kushtakiwa na kushindwa kesi pasipo kujua.

Deni nalo hukua njiani. Tozo ya pauni 100 ikiongezwa pauni 70 za ukusanyaji na pauni 35 za ada ya mahakama hufikia pauni 205, kabla ya riba na gharama za wakili.

Athari

Hukumu huandikwa katika Rejista ya Hukumu, Amri na Faini, inayotunzwa na Registry Trust, na hubaki humo kwa miaka 6. Benki, kampuni za simu na wenye nyumba za kupangisha huiangalia kabla ya kumwamini mteja. Aliyeshindwa kesi ya madai hapati rekodi ya jinai wala hafungwi kwa sababu tu hana fedha. Hata hivyo mdai anaweza kuomba madalali wa mahakama wakamate mali, au sehemu ya mshahara ikatwe.

Kulipa

Anayekubali kwamba alidaiwa kwa haki ana sababu ya kuharakisha. Akilipa deni lote ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya hukumu, jina lake hufutwa kabisa katika rejista. Akilipa baada ya mwezi huo, hukumu huandikwa kuwa imelipwa lakini hubaki hadi miaka 6 iishe. Kwa hiyo kulipa hukumu ya miaka 3 iliyopita huondoa deni bila kuondoa jina, na risiti ya malipo inafaa kutunzwa.

Kutengua hukumu

Njia nyingine ni kuiomba mahakama iitengue hukumu, kwa kutumia fomu N244 pamoja na maelezo yaliyothibitishwa kuwa ya kweli. Ada ya maombi yanayosikilizwa na pande zote ilipandishwa mwaka 2024 kutoka pauni 275 hadi 303, yaani huweza kuzidi deni lenyewe. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada. Kampuni ikikubali hukumu itenguliwe, ada huwa ndogo zaidi.

Kuna misingi miwili:

1. Mahakama ni lazima itengue hukumu iliyotolewa kinyume cha kanuni. Mfano ni mdai aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba mdaiwa amehama, naye asichukue hatua za kutosha kutafuta anwani mpya.

2. Mahakama inaweza kutengua ikiwa mdaiwa ana utetezi wenye matumaini ya kweli, au kuna sababu nyingine nzuri. Hapa hakimu hutazama pia kama mwombaji alichukua hatua mara alipopata habari. Kusema tu "sikupata barua" hakutoshi.

Utetezi unaweza kuwa kwamba bango halikusomeka, kwamba malipo yalifanyika, kwamba mpangaji alikuwa na haki ya kuegesha hapo, au kwamba mdaiwa hakuwa dereva na taarifa haikumfikia katika muda wa kisheria. Mwombaji anaweza kuomba nakala ya hati ya madai ili aone tarehe, mahali na anwani iliyotumika.

Kutenguliwa kwa hukumu si ushindi wa kesi. Kwa kawaida madai hurudi mwanzo na mdaiwa hupewa siku za kuleta utetezi.

Vipindi vitatu vya miaka 6

Watu wengi huchanganya mambo haya:

- Madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba kuvunjwa. Yakishafunguliwa kwa wakati, hukumu inaweza kutolewa hata baadaye.
- Hukumu huondoka katika rejista miaka 6 baada ya tarehe yake.
- Miaka 6 ikipita, mdai huhitaji ruhusa ya mahakama kabla ya kutuma madalali. Hukumu yenyewe haifi kwa kupita muda huo.

Nje ya Uingereza na Welisi

Uskoti na Eire ya Kaskazini zina mahakama na taratibu zake. Tanzania na Kenya, zilizorithi sheria za Kiingereza, zina kanuni zinazofanana kuhusu hukumu ya upande mmoja: Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai nchini Tanzania, na Amri ya 10 ya kanuni za mwaka 2010 nchini Kenya. Kote huko asiyefika mahakamani anaweza kuomba kusikilizwa upya, akieleza sababu ya kutofika na kutochelewa kuomba.

Wanafunzi na wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki walioishi Uingereza huhamahama nyumba za kupanga, na wengine hurudi kwao wakiwa wameuza gari. Hukumu iliyotolewa nyuma yao hubaki katika rejista, nao hukutana nayo wakirejea na kuomba nyumba au mkopo. Rejista hiyo inaweza kukaguliwa na mtu yeyote kwa njia ya intaneti kwa ada ndogo.