Uyoga wa nyumbani: maji kiasi gani kwenye mabua ya mpunga?

Msikilizaji wa Ilemba na vijiji vyote vya Bonde la Ziwa Rukwa, mpunga ukishapurwa, mabua mengi huchomwa moto. Mabua hayo ndiyo chakula cha uyoga mamama, uyoga unaolimika kwa urahisi nyumbani. Wenzetu wa pwani wana makumbi ya nazi, ambayo hushika maji vizuri lakini yana lishe kidogo, na yakiwa yamelowekwa baharini lazima yaoshwe chumvi kwanza. Kwetu nazi ni za kununua, mabua ni ya bure.

Anayeanza mara nyingi hupoteza mbegu kwa sababu ya maji. Yakizidi, hewa hukosekana na mabua huoza na kunuka. Yakipungua, mbegu haitambai.

Kuandaa mabua

1. Chagua mabua makavu ya msimu huu, yasiyo na ukungu wala harufu ya uvundo. Usitumie yaliyopuliziwa dawa karibu na mavuno.

2. Katakata kwa panga vipande vya sentimita 3 hadi 5. Pima uzito kabla ya kuloweka.

3. Loweka kwenye maji safi usiku mmoja. Weka jiwe juu yasielee.

4. Chemsha kwenye pipa lililofunikwa kwa saa 1 hadi 2, ukihesabu tangu maji yanapoanza kutokota. Lengo ni kuua vimelea vinavyoshindana na uyoga. Watoto wakae mbali na pipa.

5. Opoa, tandaza kwenye turubai safi lililoinuka upande mmoja, maji yachuruzike. Subiri yapoe kabisa, maana mabua ya moto huua mbegu.

Kupima unyevu

Nawa mikono kwa sabuni, chukua konzi moja, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Maji yakitiririka, acha yaendelee kuchuruzika. Mkono ukibaki mkavu, nyunyiza maji yaliyochemshwa na kupoa, geuza, kisha pima tena.

Mwenye mizani ana njia nyingine: kilo 1 ya mabua makavu, ikishalowa sawasawa, hufikia karibu kilo 3. Ikifika kilo 3 na nusu, maji yamezidi.

Baada ya hapo

Jaza mfuko wa nailoni kwa tabaka: mabua, mbegu, mabua, mbegu. Shindilia kiasi, funga mdomo, toboa matundu madogo. Weka chumba chenye giza kwa wiki 3 hivi, hadi utando mweupe uenee mfuko mzima. Ndipo uruhusu mwanga na hewa, na unyunyize maji chumbani kila siku.

Bondeni kuna joto, hivyo nyumba ya nyasi yenye kivuli inafaa. Walioko juu, upande wa Sumbawanga, baridi ya usiku huchelewesha utando. Wao wazibe upepo, na wanaweza kutumia magunzi ya mahindi yaliyopondwa.

Ukiona ukungu wa kijani, toa mfuko huo nje mara moja na uufukie mbali na mingine. Ukiota uyoga usiofanana na ule uliopanda, usiuonje. Uyoga wa sumu hauondolewi sumu kwa kuchemsha.

Kabla ya kununua mbegu nyingi, jaribu mifuko miwili au mitatu, na umuulize afisa ugani wa kata yako mahali pa kupata mbegu nzuri.